Longisa haina bahari, lakini wimbi la katikati latuhusu

Siku moja ya soko hapo Longisa niliingia mkahawani kunywa chai kabla ya kupanda matatu ya kwenda Bomet. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha, na watu walikuwa wamejazana chini ya paa la mabati wakingoja ikatike. Vijana watano walikuwa wameizunguka simu moja wakitazama picha za Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2024. Mwanamume mmoja alikuwa amesimama juu ya ubao, akiteleza kwenye ubavu wa wimbi lililomzidi kimo mara mbili au tatu. Mzee aliyeketi karibu nami, fimbo yake ikiwa imeegemea ukuta, aliomba naye aonyeshwe. Alitazama kwa kitambo bila kusema neno, kisha akauliza:

"Na huyu, anakimbia kwenda wapi?"

Vijana waliangua kicheko. Mzee hakucheka, wala mimi sikucheka. Katika nchi hii ya chai, yaani Kericho na Bomet, mbio si jambo la mzaha. Anayekimbia ana mahali aendako: kwenye utepe, kwenye medali, kwenye kazi ya jeshi au polisi, na akijaliwa, kwenye shamba atakalowanunulia wazazi wake. Mtu anayekwenda kasi namna ile juu ya maji, kisha akaishia pale pale ufuoni alikoanzia, lazima amtatize mzee aliyeishi miaka yake yote kati ya majani chai na ng'ombe.

"Mwalimu," aliniambia, "wewe umesoma na umefika hata Mombasa. Hebu tueleze."

Nilimweleza kadiri nilivyoweza. Hata hivyo, nilipokuwa njiani ndani ya matatu niligundua kwamba swali lake lilistahili jibu kubwa kuliko lile nililompa. Ndugu msomaji, makala haya ni jibu hilo, na nakuomba univumilie nikianza mbali kidogo.

Mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi uliingizwa katika Olimpiki kwa mara ya kwanza huko Tokyo, katika michezo ya mwaka 2020 iliyofanyika 2021 kwa sababu ya korona. Mwaka 2024 Ufaransa iliandaa mashindano ya mchezo huo Teahupo'o, kisiwani Tahiti, zaidi ya kilomita 15,000 kutoka Paris. Kuna jambo la kukumbukwa hapa. Ilikuwa Tokyo hiyo hiyo, mwaka 1964, ambako mwana wa Kericho, marehemu Wilson Kiprugut arap Chumo, aliipatia Kenya medali yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki, medali ya shaba katika mbio za mita 800. Mji ulioutambulisha ulimwengu kwa miguu yetu ndio ulioufungulia mchezo wa mawimbi mlango wa Olimpiki. Sisi tulikuwapo siku ya kwanza. Siku ya pili hatukuwapo majini.

Wimbi si moja. Wanaoujua mchezo huu hugawa mahali pa kuteleza katika aina tatu. Ya kwanza ni ufuo wa mchanga, ambapo wimbi huvunjikia juu ya fungu la mchanga. Ukianguka huumii sana, na kwa hiyo ni mahali pa mwanagenzi. Lakini mchanga huhamahama, na wimbi la leo halitakuwa lile la juma lijalo. Ya pili ni mwamba wa matumbawe ulio katika maji makuu. Hapo wimbi hutoka kwenye kina kirefu na kukutana ghafla na mwamba, likajikunja kwa nguvu za kutisha. Teahupo'o ni ya aina hii, nayo ni ya mabingwa. Ya tatu ni rasi ya mawe, yaani pale nchi kavu inapochomoza baharini. Mawimbi yanayotoka mbali hupunguza mwendo yanapogusa kina kifupi karibu na rasi, hupinda na kuizunguka, kisha huvunjika kidogo kidogo kuelekea upande mmoja, kama mtu anayefunga zipu ya koti.

Wimbi huanza kuvunjika kina cha maji kinapokaribia kimo chake na theluthi zaidi. Kwa kuwa kando ya rasi kina hupungua polepole, wimbi nalo huvunjika polepole. Kwa sababu hiyo rasi ya mawe yenye mawimbi ya wastani huwa shule bora ya mtu wa kiwango cha kati, aliyekwisha kuvuka uanagenzi lakini bado hajawa bingwa. Wimbi huvunjika mahali pale pale kila mara, na hivyo mwanafunzi aweza kurudia kosa lake mpaka alitambue. Hukimbia umbali mrefu, na kwa hiyo wimbi moja humpa nafasi ya kugeuka mara tano au sita, ambapo ufuoni angegeuka mara moja tu. Mara nyingi kando yake huwa na mkondo wa maji matulivu unaomwezesha kurudi nje bila kupigwa kichwani na kila wimbi.

Pamoja na hayo, mawe yanabaki kuwa mawe. Mtu huyo hana budi kujua saa za maji kujaa na kupwa, kwa maana mawe yaliyofunikwa kwa mita mbili asubuhi yaweza kuwa kichwa wazi adhuhuri, hasa siku za bamvua. Lazima ajue wapi pa kuingilia na wapi pa kutokea. Lazima aweze kuushika ubao wake usimponyoke ukampasua mwenzake. Aidha, lazima aiheshimu sheria ya zamu: aliye karibu zaidi na mahali wimbi linapoanza kuvunjika ndiye mwenye wimbi, na wengine humwachia. Kwa ufupi, rasi ya mawe humfunza mtu mambo mawili kwa pamoja, ustadi na adabu. Humsamehe makosa madogo na kumwadhibu kwa makosa makubwa.

Hapa ndipo nilipoanza kuyaona mambo yetu sisi wenyewe. Kenya ni nchi yenye wanagenzi wengi na mabingwa wachache, na katikati pana pengo. Tunafurahia mtoto wa chekechea akiimba mbele ya wageni, na tunampokea bingwa uwanja wa ndege kwa kibuyu cha mursik. Aliye katikati, ambaye hatusisimui kwa udogo wake wala kutupatia fahari kwa ukubwa wake, hatumjengei chochote. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Sisi tunajua kumtia chungu kifuuni, na tunajua kuishangilia jahazi. Hatujui namna ya kumvusha mtu kutoka kwenye kifuu hadi kwenye jahazi.

Huenda msomaji akapinga na kusema kwamba katika mbio tumemvusha. Ni kweli, na mfano huo unanisaidia. Mbio zetu hazikustawi kwa sababu ya mwinuko wa nchi peke yake, wala kwa damu, wala kwa mursik, kama wageni wanavyopenda kuandika. Zilistawi kwa sababu kulikuwa na ngazi yenye vidato vingi: mashindano ya shule kwa shule, ya tarafa, ya wilaya, ya mkoa, mbio za nyika, kisha timu za jeshi, polisi na magereza zilizomwajiri kijana akafanya mazoezi huku akila mshahara. Kijana ambaye hakuwa bingwa alikuwa na mahali pa kukimbilia na watu wa kukimbia nao. Kutokana na maelfu ya hao wa katikati ndipo alipopatikana mmoja wa medali. Kiprugut hakuanguka kutoka mbinguni, na mwaka 1968 alikwenda Mexico akaongeza ya fedha.

Sasa linganisha na michezo ambayo hatukuijengea vidato. Mwaka 1998 Philip Boit, mkimbiaji aliyekuwa hajazoea theluji, aliiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani, baada ya kufanya mazoezi Finland. Alimaliza wa mwisho katika mbio za kuteleza za kilomita 10, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway alimngoja mwishoni ili amkumbatie. Dunia nzima ilitupongeza kwa ujasiri. Lakini baada ya Boit, aliyerudi tena katika michezo ya 2002 na 2006, mwakilishi wetu aliyefuata, Sabrina Simader mwaka 2018, alikuwa binti aliyekulia Austria. Katika kuogelea, Jason Dunford alifika fainali ya mita 100 za kipepeo huko Beijing mwaka 2008 na kumaliza wa tano, sifa kubwa mno. Je, ni watoto wangapi wa shule za umma za Kenya waliopanda vidato vile vile nyuma yake? Ushujaa wa mtu mmoja ni jambo jema, lakini haugeuki kuwa ngazi ya taifa usipojengwa.

Afrika ina mifano ya kinyume. Kaskazini ya Agadir, nchini Morocco, kuna kijiji cha Taghazout chenye rasi za mawe zinazojulikana duniani kote. Ramzi Boukhiam, aliyekulia Agadir, alibeba bendera ya Morocco katika ufunguzi wa michezo ya Tokyo na akashiriki tena mwaka 2024. Nchini Liberia, mji mdogo wa Robertsport una rasi kadhaa zinazofuatana, nyingine kali na nyingine pole, na vijana walioponea vita vilivyokwisha mwaka 2003 walianza kujifunzia hapo. Msumbiji, karibu na mpaka wa Afrika Kusini, ina Ponta do Ouro, maana yake Rasi ya Dhahabu, ambayo siku za mawimbi madogo humpokea hata mtu wa wastani. Afrika Kusini yenyewe ina Jeffreys Bay, ambapo mabingwa wa dunia hushindana. Wala tusidanganyike kwamba mchezo huu ni wa wageni. Mwanahistoria Kevin Dawson, katika kitabu chake cha mwaka 2018 juu ya utamaduni wa maji wa Waafrika, amekusanya maandishi ya wasafiri wa Ulaya walioona watoto wa pwani ya Ghana wakiteleza juu ya mawimbi kwa vibao karne kadhaa zilizopita.

Na pwani yetu je? Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya imekingwa na mwamba wa matumbawe ulio mbali na ufuo. Nyuma ya mwamba huo maji hutulia, na mtoto aweza kucheza. Juu ya mwamba wenyewe mawimbi huvunjika kwa ukali, na si mahali pa mtu asiyejua. Malindi ni tofauti. Maji matamu na matope ya mto Sabaki hayaruhusu matumbawe kustawi mbele ya ghuba yake, na kwa hiyo pepo za kusi zinapovuma, hasa kati ya Juni na Septemba, mawimbi hufika hadi mchangani. Upande wa kusini wa ghuba hiyo ipo rasi ya mawe yenye mnara wa Vasco da Gama, Mreno aliyetia nanga hapo mwaka 1498. Niliwahi kusimama kwenye rasi hiyo nikiyatazama mawimbi yakipinda kuingia ghubani. Nilifikiri kwamba mnara ule unatukumbusha ni nani aliyetujia kwa bahari. Haupo mnara wa kutukumbusha kwamba watoto wetu nao wana haki ya kuijua bahari hiyo.

Nasema haki kwa makusudi. Kifungu cha 62 cha Katiba ya mwaka 2010 kinataja ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Lakini ardhi ya umma isiyo na njia ya kufikia ni sawa na kisima chenye kufuli. Yeyote aliyetembea pwani yetu ameona kuta ndefu na vichochoro vilivyozibwa, na vijana wa kijiji wakizunguka mwendo mrefu ili wafikie maji waliyozaliwa karibu nayo.

"Lakini mwalimu," kijana mmoja aliniuliza siku ile mkahawani, "hayo ni ya watu wa pwani. Sisi wa Longisa yanatuhusu nini?"

Yanatuhusu kwa njia mbili. Ya kwanza ni maji yenyewe. Mto wetu Amalo, na mwenzake Nyangores, hushuka kutoka msitu wa Mau, hukutana na kuwa mto Mara, hupita mbugani Maasai Mara na Serengeti, na kumimina maji yake katika Ziwa Viktoria karibu na Musoma. Kutoka ziwani maji hayo hutokea Jinja, Uganda, yakaitwa Nile. Huko, kwenye mawe ya maporomoko, mto hujikunja ukafanya wimbi linalosimama mahali pamoja, na watu hutoka mabara mengine kuja kulichezea kwa mitumbwi na mbao. Baadhi ya maporomoko hayo, kama Bujagali, yalimezwa na bwawa la umeme lililozinduliwa mwaka 2012. Siupingi umeme. Ninachosema ni kwamba maji ya Amalo yana thamani katika macho ya watu wa mbali, ilhali sisi tulio karibu na chanzo chake tunayajua kwa mambo mawili tu: kunywesha ng'ombe na kuzika watoto.

Hiyo ndiyo njia ya pili, na hapo ndipo uzito wa hoja yangu ulipo.

Nilipokuwa darasa la tano tulikuwa na mwenzetu ambaye jina lake sitalitaja kwa heshima ya wazazi wake. Sisi wengine tuliyaogopa maji. Yeye hakuyaogopa. Wakati wa kiangazi alikuwa amejifundisha kuogelea katika kidimbwi kilicho chini ya kivuko, mikono miwili mitatu huku na huku, na sote tulimwona kuwa bingwa. Mvua za masika ziliponyesha, mto ukabadilika rangi. Alasiri moja tulipotoka shuleni ndama wa jirani alichukuliwa na maji, naye mwenzetu akavua shati akaingia. Sisi tuliokuwa hatujui kitu tulibaki ukingoni tukipiga mayowe. Ndama alitokea upande wa pili. Mwenzetu alipatikana siku ya tatu.

Kwa miaka mingi niliambiwa, na mimi nikawaambia wanafunzi wangu, kwamba fundisho la kifo kile ni moja: usiende mtoni. Leo naamini kwamba tulikosea. Kilichomwua si kutojua, wala si kujua. Alikuwa amejua kidogo, na hapakuwa na mtu wala mahali pa kumfundisha kilichobaki: kwamba maji yaendayo kasi si maji ya kidimbwi, kwamba mtu hukata mkondo kwa mshazari wala hapambani nao uso kwa uso, kwamba anayeokoa hutupa kamba au fito kabla ya kujitupa mwenyewe. Alikuwa mtu wa kiwango cha kati aliyekosa rasi yake. Aliruka kutoka ufuo wa wanagenzi hadi kwenye mwamba wa mabingwa katika alasiri moja.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na kwamba tisa kati ya kila kumi walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Umoja wa Mataifa ulitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuzuia vifo hivyo, kwa azimio la mwaka 2021. Nchini Kenya hatuhitaji takwimu za mbali. Wenye umri wangu hawajasahau tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka Mombasa, mahali ambapo nchi kavu ilionekana kwa macho, na zaidi ya watu 270 wakaangamia. Walikuwa wakienda kazini kama siku nyingine zozote.

Sasa turudi kwenye pingamizi ambalo bila shaka msomaji ameshalitayarisha. Atasema: kaunti ina barabara mbovu, zahanati zinakosa dawa, wachumaji wa chai wamepokonywa vibarua na mashine, nawe unatuletea habari za kuteleza majini! Namwelewa. Vurugu za Kericho za mwaka 2023, mashine za kuchumia chai zilipochomwa moto, hazikuzuka bure. Kijana asiye na kazi hali ubao.

Lakini sisemi kaunti inunue mbao za kuteleza. Nasema kwamba taifa lijenge kidato cha kati, na kwamba katika maji kidato hicho huokoa uhai kabla ya kuleta medali, na gharama yake si kubwa kama tunavyodhani. Bangladesh, nchi maskini yenye maji kila upande, ilianza kuwafundisha watoto wa vijijini kuogelea katika madimbwi ya kawaida. Walijenga majukwaa ya mianzi ndani ya dimbwi, wakaweka mwalimu aliyefunzwa na watoto wachache kwa zamu. Hawakungoja bwawa lenye vigae vya buluu. Huku kwetu mianzi na miti ipo, mabwawa madogo ya kunyweshea mifugo yapo, na vijana wasio na kazi wanaoweza kufunzwa kuwa walimu wapo tele. Kilichokosekana ni mtu wa kusema: hili ni jukumu langu.

Mtaala mpya unatupa nafasi. Sekondari ya juu, iliyopangiwa kuanza Januari 2026, ina mikondo mitatu, na mmojawapo ni wa sanaa na sayansi ya michezo. Nina hofu kwamba mkondo huo utageuzwa kuwa jalala la wanafunzi walioanguka hisabati, au kuwa kiwanda cha kutafuta wakimbiaji wachache wa kupeleka ng'ambo. Usiwe hivyo. Mwanafunzi wa Bomet anayefuata mkondo huo angetoka shuleni akiwa na cheti cha kufundisha kuogelea na kuokoa mtu majini. Wa Kilifi au Kwale aongezewe elimu ya bahari: pepo za kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu, ubao na kamba. Hapo kijana wa Longisa anayekwenda Malindi kutafuta kazi ya ulinzi hotelini, kama wengi walivyokwenda, atakuwa na kazi nyingine ya kuomba, kwa sababu kila ufuo wenye wageni unahitaji mwokoaji.

Aidha, serikali za kaunti za pwani hazina budi kufungua njia za umma za kwenda ufuoni, na kuzilinda zisizibwe tena. Wale vijana tunaowaita kwa dharau wahuni wa ufuoni, ambao wanajua kila jiwe na kila mkondo wa maji, watambuliwe na kufunzwa rasmi. Wao ndio walimu wa kiwango cha kati tunaowatafuta. Mwaka 2026 umepangiwa Michezo ya Olimpiki ya Vijana huko Dakar, Senegal, ambayo ni mara ya kwanza kwa shindano la Olimpiki kuandaliwa katika ardhi ya Afrika. Dakar ni mji wa rasi na mawimbi. Itakuwa aibu iwapo Kenya, yenye pwani ya zaidi ya kilomita 500, itaendelea kuyatazama mawimbi kwenye simu tu.

Naomba nisieleweke vibaya. Siwadharau mabingwa, na wala sisemi kila mtoto wa Longisa atelezee mawimbini. Wengi hawatafika hata Mombasa. Ninachodai ni mahali ambapo mtu aliyejua kidogo anaweza kujua zaidi bila kulipa kwa maisha yake. Mahali hapo panahitajika majini, na pia katika karakana, katika kilimo cha chai, katika biashara ndogo na katika siasa, ambako nako tumezoea kumrukisha mtu kutoka umachinga hadi uwaziri kisha tukashangaa anapozama na kuzama nasi.

Mvua ilikatika siku ile kabla sijammalizia mzee jibu lake. Alinyanyuka, akachukua fimbo, akaniuliza tena kwa utaratibu kana kwamba hakunisikia: yule mtu wa ubao, mwisho wake alifika wapi? Nilimwambia alifika ufuoni, mzima, na kwamba dakika chache baadaye alirudi majini kujaribu tena.

"Basi," alisema mzee, "huyo amefunzwa."

Nilimsindikiza hadi barabarani. Ng'ambo ya pili watoto wa shule walikuwa wakiteremka kuelekea mtoni, viatu mikononi, na mto ulikuwa umejaa.